Programu Iko Ujerumani, Dirisha Liko Dar es Salaam

Mtafiti aliyeko Dar es Salaam ana laptopu ya kawaida tu. Picha zake za setilaiti, nyingi kiasi cha kujaza diski nzima, zimehifadhiwa kwenye kompyuta kubwa ya Linux nchini Ujerumani. Hahitaji kuzipakua. Anaandika amri ya ssh -X pamoja na anwani ya kompyuta ile, anaweka nenosiri, kisha anaita programu ya kuchambua ramani. Dirisha lake linafunguka kwenye laptopu, vitufe na menyu zote zikiwemo. Hesabu zinafanyika Ujerumani, yeye anabofya Dar.

Msingi wa jambo hili uliwekwa mwaka 1984 katika chuo cha MIT, Marekani. Chuo kilikuwa na mashine za watengenezaji tofauti, na kilitaka mwanafunzi atumie programu yoyote bila kujali amekaa mbele ya mashine ipi. Bob Scheifler na Jim Gettys wakaunda mfumo uitwao X, ambao toleo lake la 11, la mwaka 1987, linatumika hadi leo. Waliigawa kazi pande mbili. Programu hufanya hesabu na kutuma maagizo: fungua dirisha, chora mstari, andika neno. Seva ya X, inayosimamia skrini, kibodi na kipanya, hutekeleza maagizo hayo na kurudisha habari za kilichobofywa. Kwa hiyo hapa seva ni laptopu ya Dar, na kompyuta kubwa ya Ujerumani ndiyo mteja.

Maagizo hayo yalipita mtandaoni wazi, na aliyejibanza njiani aliweza kuyasoma. Dawa ilipatikana Ufini. Mwaka 1995, baada ya nywila kunaswa katika mtandao wa chuo chake, Tatu Ylönen wa Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Helsinki aliandika SSH, programu inayosimba mawasiliano yote kati ya kompyuta mbili. OpenSSH, toleo huria lililotoka mwaka 1999, ndilo linalotumiwa na mifumo mingi ya Linux.

Tuangalie kinachotokea ukiandika ssh -X. Kule mbali, SSH hufungua poti, kwa kawaida namba 6010, inayosikika ndani ya kompyuta hiyo peke yake, na kuziambia programu kwamba skrini iko hapo. Programu inachora ikidhani skrini iko jirani, kumbe kila agizo linasimbwa na kusafirishwa hadi kwako. Seva ya X hudai pia msimbo wa siri wa biti 128 kabla ya kumpokea mteja. SSH haiupeleki msimbo wako halisi ng'ambo. Hupeleka wa bandia, kisha huubadilisha kwa ule halisi mteja anapofika kwenye mashine yako.

Hata hivyo, kulinda njia hakutoshi. Mteja anayeaminiwa kikamilifu na seva ya X anaweza kusoma unachochapa katika madirisha mengine na kupiga picha skrini yako. Ni sawa na kumsindikiza mgeni kwa ulinzi mkali, kisha kumkabidhi funguo za vyumba vyote. Alama ya -X ilikusudiwa kumwekea mgeni mipaka. -Y humwamini moja kwa moja. Watumiaji wa Debian na Ubuntu wazingatie kwamba kwao -X hufanya kazi kama -Y, mpaka wabadilishe mpangilio wa ForwardX11Trusted uwe no.

Changamoto nyingine ni umbali. Mwanga ndani ya nyuzi za kioo husafiri takriban kilomita 200,000 kwa sekunde. Dar hadi Ujerumani ni zaidi ya kilomita 6,000, hivyo kwenda na kurudi hakupungui milisekunde 60. Menyu inayouliza maswali 50, moja baada ya jingine, itakusubirisha sekunde 3, na kununua bando kubwa zaidi hakutasaidia. Kabla ya nyaya za baharini kufika pwani yetu mwaka 2009, mawasiliano yalipitia setilaiti zilizo kilomita 36,000 juu, na kila swali lilichukua karibu nusu sekunde. Menyu hiyo hiyo ingehitaji sekunde 25.

Kwa safari ndefu, X2Go na Xpra hupunguza maswali hayo. Tena huiacha programu ikiendelea kule mbali hata mtandao wako ukikatika, ilhali kwa ssh -X programu hufungwa papo hapo. Wayland, mfumo ulioanza mwaka 2008 kurithi nafasi ya X, haukubeba uwezo wa mtandao ndani yake. Kazi hiyo hufanywa na programu ya pembeni iitwayo Waypipe.

Basi, usifungue kamwe poti 6000 ya seva ya X kwa intaneti. Pitisha kila kitu ndani ya SSH. Na kabla ya kutumia -Y, jiulize nani anaisimamia kompyuta ya upande wa pili, kwa sababu ndiye utakayempa kibodi yako.