Fahamu: Wasafiri walivyonaswa Kwihara, Tabora

Tangu Alfred Hitchcock atoe Psycho mwaka 1960, watengeneza filamu za kutisha hawajachoka na msafiri anayenaswa kwenye moteli ya pembezoni. Tabora ina kisa cha aina hiyo, tena cha kweli.

Mwaka 1871 Mirambo, mtemi wa Urambo, aliifunga njia ya misafara ya Ujiji baada ya kukosana na wafanyabiashara Waarabu wa Unyanyembe, eneo la Tabora. Henry Morton Stanley, mwandishi wa habari aliyekuwa akimtafuta mmisionari David Livingstone, akakwama Kwihara, karibu na Tabora. Agosti alijiunga na Waarabu kumpiga Mirambo. Wakaviziwa, wakatimka, Stanley akirudi na homa. Baadaye mwezi huohuo moshi ukapanda Tabora: Mirambo alikuwa ameingia, na Khamis bin Abdullah, mmoja wa Waarabu hao, ameuawa. Kwa masimulizi ya Stanley mwenyewe (na bwana huyu alijua kutia chumvi) watu wake walitoboa kuta nene za udongo za tembe (nyumba) alimofikia Kwihara, wakapenyeza bunduki kwenye matundu, wakangoja. Mirambo hakuja.

Septemba Stanley aliondoka kwa kuzungukia kusini. Livingstone naye alikaa kwenye tembe hilo miezi kadhaa mwaka 1872, akisubiri wapagazi. Leo ni makumbusho.