Jembe la Ukoo na Tanuri Zilizozimika

Jembe la zamani la Ufipa, kusini-magharibi mwa Tanzania, halikuwa na tundu la mpini. Lilikuwa na mkia mwembamba uliopenyezwa kwenye kichwa kinene cha mpini, na bapa lake lilipungua msimu hadi msimu kadiri udongo ulivyolila. Likishindwa kulima, mhunzi alilirudisha motoni, likatoka kisu au mundu. Kwa hiyo babu aliporithisha jembe hakurithisha pambo. Alirithisha chuma kinachoweza kugeuzwa, kukopeshwa, hata kutolewa mahari. Wafipa na Wanyamwezi walioa kwa majembe.

Familia zilizobaki na jembe la namna hiyo hulitunza, na ni haki yao. Hata hivyo tunaomboleza kitu kidogo kuliko kilichopotea. Kilichopotea ni uwezo wa kulitengeneza.

Tanuri kubwa za Wafipa, malungu, zilijengwa kwa udongo wa kichuguu, zikasimama kiasi cha mita 3. Ndani yalipangwa makaa na mawe ya chuma kwa tabaka, moto ukawaka siku kadhaa bila mivukuto, kwa hewa iliyoingia yenyewe kwenye matundu ya chini. Bonge lililotoka lilikuwa bado limejaa mavi ya chuma. Lilisafishwa katika tanuri ndogo, kintengwe, hapo sasa kwa mivukuto, ndipo likafuliwa. Fundi mkuu alirithi kazi pamoja na kikapu cha dawa na miiko yake: tanuri ilipambwa kama bibi harusi, na mafundi walijitenga na wake zao mpaka chuma kitoke.

Husemwa kwamba ufundi huu uliuawa na majembe rahisi kutoka Ulaya. Ni kweli, lakini haitoshi. Wakoloni walidai kodi ya fedha, na vijana ambao wangekata miti, kuchoma makaa na kuchimba mawe wakaenda vibarua vya mbali, kwenye mkonge na migodini. Misitu iliwekewa mipaka. Wamisionari wakaiita miiko ya tanuri ushirikina. Jembe la dukani lilipofika kijijini, tanuri ilikuwa imeshapungukiwa watu, kuni na heshima. Kufikia katikati ya karne ya 20 malungu yaliwashwa zaidi kwa ajili ya watafiti. Hata huko Buhaya, kaskazini-magharibi mwa nchi, mwanaakiolojia Peter Schmidt alipowaomba wazee wayeyushe chuma tena katika miaka ya 1970, ilibidi waunganishe kumbukumbu za ujana wao, huyu akijua hiki na yule kile.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba tuliupoteza tena uwezo wa kutengeneza jembe tukiwa huru. Jembe limo katika Nembo ya Taifa, na chama cha CCM kilipozaliwa mwaka 1977 lilikaa kwenye bendera yake pamoja na nyundo. Halikubaki alama tu: kiwanda cha UFI pale Ubungo, kilichojengwa kwa msaada wa China, kilitengeneza zana za kilimo, na Mbeya ikapata cha kwake, ZZK. Milango ya biashara ilipofunguliwa, viwanda hivyo vilidhoofika, vikabinafsishwa, na jembe la kutoka nje likarudi kutawala soko. Sababu zilifanana na za mwanzo kuliko tunavyopenda kukiri: bei ya mgeni, mtaji mdogo, na serikali ambayo haikuona hasara katika kupoteza mafundi.

Wahunzi bado wapo. Wanafua majembe, mashoka na visu kwa springi za magari, na wanajua kwa rangi ya moto lini chuma kiko tayari kupigwa. Hawayeyushi tena mawe. Wanategemea chuma chakavu, na chakavu hicho sasa wanakigombania na viwanda vya nondo, ambavyo mawakala wake hupita vijijini na mizani wakinunua kwa kilo, majembe ya urithi yakiwemo.