Hesabu ya Alfajiri: Usimamizi wa Umeme Usiotegemea Gridi katika Trela la Kambi

Ikisiri

Makala haya yanafafanua namna umeme unavyosimamiwa katika trela la kambi lililoegeshwa mbali na gridi. Mfano uliotumika ni wa trela linalokaa katika jangwa la Quartzsite, jimbo la Arizona, nchini Marekani, wakati wa majira ya baridi. Hoja kuu ni kwamba utoshelevu wa mfumo haupimwi kwa wastani wa nishati inayoingia na kutoka kwa siku, bali kwa kiwango kilichosalia katika betri jua linapochomoza. Sehemu ya mwisho inaitazama hoja hiyo katika mazingira ya ikweta, ambako wasomaji wengi wa Kiswahili hutumia vifaa vilevile majumbani.

Utangulizi

Trela la kambi ni nyumba ndogo ya magurudumu inayokokotwa na gari. Likiegeshwa katika kambi yenye huduma ya umeme, mkaaji wake hana sababu ya kuhesabu chochote. Likiegeshwa mahali pasipo na huduma hiyo, kila taa inayowashwa hula akiba ya ghala moja lisiloonekana, nalo ni betri.

Quartzsite ipo karibu na latitudo ya nyuzi 33.7 kaskazini. Kuanzia tarehe 15 Septemba hadi tarehe 15 Aprili, eneo la La Posa, lililo katika ardhi ya umma kusini mwa mji huo, hupokea wakaaji wa muda mrefu, wengi wao wakiwa wastaafu wanaoikimbia theluji ya majimbo ya kaskazini na ya Kanada. Hupewa mahali pa kuegesha, umeme hawapewi. Eneo hilo linafaa kuchambuliwa kwa sababu linapotosha. Mgeni huona jangwa na anga isiyo na wingu, akadhani kwamba jua ni tele. Ni tele kweli mwezi Juni, lakini wakaaji hawa huja Desemba.

Wati na wati-saa

Katika mazungumzo ya kila siku neno "umeme" hubeba dhana kadhaa kwa wakati mmoja. Mtu husema umeme ni mdogo, umeme umeisha, kifaa kinakula umeme, na kila mara anakusudia jambo tofauti. Utata huo hauna madhara panapokuwa na gridi. Katika trela una madhara, hivyo ni lazima dhana mbili zitenganishwe. Wati hupima kasi ambayo nishati inatumika. Wati-saa hupima kiasi cha nishati kilichotumika. Kifaa cha wati 1000 kikiwashwa kwa dakika 3 hutumia wati-saa 50. Kifaa cha wati 6 kisichozimwa kamwe hutumia wati-saa 144 kwa siku. Wakaaji wengi hukiogopa kile cha kwanza na kukisahau cha pili.

Mfano wa hesabu

Tuchukue trela lenye betri mbili za volti 6 za risasi na asidi, za aina inayotumika katika magari madogo ya viwanja vya gofu, zilizounganishwa kwa mfululizo ili zitoe volti 12. Ujazo wake ni ampea-saa 220, yaani wati-saa 2640. Kwa kuwa betri za aina hii huharibika upesi zikishushwa mara kwa mara chini ya nusu, akiba inayotumika ni wati-saa 1320. Juu ya paa imelazwa paneli ya wati 200. Jokofu na hita hutumia gesi.

Matumizi ya siku moja ya Desemba yanaweza kukadiriwa hivi. Hita huchoma gesi, lakini feni inayosambaza joto lake huvuta takriban ampea 7. Ikizunguka kwa jumla ya saa 5 katika usiku wa baridi, itatumia wati-saa 420. Taa za LED zitachukua 60, pampu ya maji 15, simu na kompyuta 200. Halafu kuna vifaa visivyozimwa: kitambuzi cha gesi inayovuja, saketi ya kuongozea jokofu, na redio inayosubiri kuwashwa. Hivi tumevikadiria kuwa wati 6 usiku na mchana, yaani wati-saa 144. Jumla ni takriban 840.

Kuhusu mapato, tuchukue kwamba paneli iliyolazwa hupata mwanga wa Desemba unaolingana na saa 3 za jua kamili, na kwamba robo ya nishati hupotea kwa joto, vumbi, nyaya na uchaji wenyewe. Paneli ya wati 200 itaingiza wati-saa 450. Upungufu ni 390 kwa siku. Mkaaji akigawanya 1320 kwa 390 atapata siku 3.4, naye ataamini kwamba ana siku tatu kamili za usalama.

Hesabu hiyo ni sahihi kwa tarakimu, lakini inapotosha kwa maana, kwa kuwa nishati haitumiki kwa mtawanyo sawa. Usiku wa Desemba katika latitudo hiyo una urefu wa takriban saa 14. Ndani yake feni hutumia sehemu yake yote, taa zote huwaka, na nusu ya matumizi ya simu na kompyuta hufanyika. Ukijumlisha na vifaa visivyozimwa, usiku peke yake huchukua takriban wati-saa 660. Betri ikianza ikiwa imejaa jua la siku ya kwanza linapozama, alfajiri ya kwanza itakuwa imepungukiwa 660, ya pili 1050, na ya tatu 1440. Mpaka wa 1320 umevukwa alfajiri ya tatu, wakati ambapo hesabu ya wastani bado inaonyesha akiba. Mkaaji haoni dalili yoyote, kwa sababu ifikapo mchana kiwango kimepanda tena na taa zinawaka kama kawaida.

Mfano huohuo unaonyesha pa kuanzia marekebisho. Shauri linalotolewa mara nyingi ni kuongeza paneli. Paneli za wati 400 zingeingiza 900 kwa siku na kuziba pengo, mradi wingu lisitokee. Lakini feni ya hita peke yake ni nusu ya matumizi yote. Hita ya gesi isiyo na feni ingeyashusha matumizi hadi takriban 420, chini ya mapato ya paneli iliyopo. Hita ya namna hiyo hutumia hewa ya ndani, hivyo dirisha lazima liachwe wazi kidogo na kitambuzi cha kaboni monoksidi kiwepo. Blanketi la pili halina sharti hata hilo.

Tabia ya betri ya risasi na asidi

Kushuka chini ya nusu ni kosa linalofahamika. Lipo jingine lisilosemwa sana, nalo ni kutojaa. Betri ya risasi na asidi hupokea mkondo mkubwa inapokuwa tupu, lakini ikikaribia asilimia 80 huanza kuukataa. Sehemu ya tano ya mwisho huhitaji volti kati ya 14.4 na 14.8 kwa saa kadhaa mfululizo, hata kama chanzo cha umeme kina nguvu kiasi gani. Mchana wa Desemba una saa 10, na zenye jua la maana ni chache zaidi. Jua huzama kabla kazi haijakamilika.

Betri inayokaa wiki nyingi pasipo kujaa hujengekewa fuwele za salfeti ya risasi katika sahani zake. Fuwele hizo hukomaa na kukataa kuyeyuka, na ujazo hupungua. Mwenye betri huona tu kwamba umeme hautoshi kama zamani, akalaumu paneli. Kwa maoni ya makala haya, sehemu kubwa ya malalamiko kuhusu paneli ndogo ni malalamiko kuhusu betri zilizokwisha kuharibiwa.

Hapa ndipo saa ya kuwasha jenereta inapokuwa na uzito. Wengi huiwasha jioni, baada ya chakula, kwa nia ya kuijaza betri kabla ya usiku. Wakati huo betri imeshapokea jua la mchana na inakubali mkondo mdogo tu. Jenereta hunguruma na kuchoma petroli pasipo faida kubwa. Ikiwashwa asubuhi, betri ikiwa katika kiwango chake cha chini, saa moja na nusu huweza kurudisha sehemu kubwa ya kilichotumika usiku. Kazi ya polepole ya kujaza huachiwa paneli kwa siku nzima. Kambi nyingi za serikali nchini humo hukataza jenereta kati ya saa 4 usiku na saa 12 asubuhi, kwa hiyo utaratibu wa asubuhi hauvunji kanuni. Jenereta iwekwe mbali na milango na madirisha, kwa kuwa moshi wake huua.

Kusoma kiwango kilichosalia kunahitaji tahadhari. Kipimo cha volti husema kweli pale tu betri imepumzika kwa saa kadhaa, haichajiwi wala haitumiki: takriban volti 12.7 ikiwa imejaa, na karibu 12.1 ikiwa nusu. Kikisomwa jua linapozama hutia moyo kupita kiasi. Kikisomwa feni ikizunguka hutisha bure. Kifaa kinachohesabu mkondo unaoingia na unaotoka ni cha kuaminika zaidi.

Pembe ya jua

Tarehe 21 Desemba, saa sita mchana ya jua, jua la Quartzsite hufikia nyuzi 33 tu juu ya upeo wa macho. Paneli iliyolazwa juu ya paa hupokea takriban asilimia 54 ya mwanga wa moja kwa moja ambao ingeupokea kama ingelielekea jua. Kuinua upande wake wa kaskazini hadi nyuzi 57 ni kazi ya dakika chache yenye faida kuliko ununuzi mwingi. Jua la chini huleta pia vivuli virefu. Kasha la kiyoyozi lenye kimo cha sentimita 30 juu ya paa hutupa kivuli cha sentimita 46 saa sita mchana, na karibu sentimita 90 saa tatu asubuhi. Seli za paneli zimeunganishwa kwa mfululizo, kwa hiyo kivuli kinachofunika seli chache huweza kupunguza zao la paneli kwa kiasi kikubwa kuliko eneo lililofunikwa.

Nyaya, inveta na lithiamu

Katika volti 12 mikondo ni mikubwa, na waya mwembamba hula nishati. Ampea 20 zikipita katika waya wa shaba wa milimita za mraba 4, kwa umbali wa mita 5 kwenda na 5 kurudi, hupoteza karibu volti 0.9; waya wa milimita za mraba 16 hupoteza 0.2. Inveta iachwe imezimwa isipotumika, kwani wati 10 zinazopotea bure ni wati-saa 240 kwa siku, zaidi ya nusu ya zao la paneli yetu.

Betri za lithiamu, chuma na fosfati huondoa tatizo la kutojaa, kwa kuwa hazidhuriki zikikaa nusu, na huruhusu sehemu kubwa zaidi ya ujazo wake kutumika. Zina masharti yake. Hazipaswi kuchajiwa zikiwa chini ya nyuzijoto 0 za Selsiasi. Tena volti yake hubaki karibu ileile kwa sehemu kubwa ya ujazo, hivyo kipimo cha volti hakina msaada mkubwa.

Mazingira ya ikweta

Vijitabu vya maelekezo vinavyoandamana na vifaa hivi mara nyingi huandikwa kwa kuzingatia latitudo kama ya Arizona au za kaskazini zaidi, kisha husomwa Arusha na Nakuru. Katika Seronera, kati ya nyuzi 2 na 3 kusini mwa ikweta, jua la mchana wa Juni, ambao ndio mwezi wake wa chini kabisa, bado hufikia takriban nyuzi 64. Paneli iliyolazwa hupokea asilimia 90 ya mwanga wa moja kwa moja. Kuiinamisha kunafaa zaidi kwa kuruhusu mvua ioshe vumbi. Adui mkubwa huwa joto: paneli za silikoni hupoteza takriban asilimia 0.4 ya nguvu kwa kila nyuzi moja juu ya 25, hivyo paneli yenye nyuzi 65 imepoteza karibu asilimia 16. Kuiacha hewa ipite kati yake na paa ni jambo la lazima.

Tatizo la betri, hata hivyo, ni lilelile. Tangu miaka ya 1980 mifumo midogo ya sola ilianza kuenea katika nyumba za vijijini nchini Kenya. Mingi iliuzwa bila kidhibiti chaji na ikatumia betri za magari, ambazo sahani zake nyembamba zimekusudiwa kutoa mkondo mkubwa kwa sekunde chache za kuwasha injini, wala si kuwasha taa na televisheni jioni nzima. Betri hizo zilishushwa sana na kujazwa kwa nadra, yaani zilipata madhara yote mawili kwa pamoja. Tofauti iliyopo inamsaidia mkaaji wa ikweta: usiku wake una urefu wa takriban saa 12 mwaka mzima na hauhitaji feni ya hita. Hesabu ya alfajiri iliyofanywa Machi itabaki karibu ileile Septemba, na kinachobaki kukadiriwa ni idadi ya siku za mawingu zinazofuatana wakati wa masika.