Kuichora Kusadikika ukiwa Sigino

Shaaban Robert aliitundika nchi nzima angani, halafu hakutuambia inafanana na nini. Ndiyo kazi aliyomwachia kila mchoraji anayeipenda Kusadikika, riwaya iliyotoka mwaka 1951. Hoja zimejaa tele: Karama anashtakiwa kwa kutaka watu wafundishwe sheria, waziri Majivuno anamkandamiza, naye anajitetea kwa kusimulia habari za wajumbe sita waliotumwa pande sita, juu na chini zikiwamo, wakarudi na mambo ya manufaa, malipo yao yakawa gereza. Sauti unazisikia vizuri. Nguo, nyuso na kuta utajitafutia mwenyewe.

Kijana wa Sigino, pale Babati, anayefungua ibisPaint kwenye simu ili achore kesi hiyo, mara nyingi hujaza pengo kwa alichokiona kwenye filamu: ngome za mawe, minara iliyochongoka, makoti ya manyoya. Simlaumu, ndicho anacholishwa kila siku. Lakini riwaya haikuagiza minara hiyo, na mfano bora anao karibu. Asubuhi za masika wingu hulala kiunoni mwa Mlima Kwaraa, kilele kikabaki juu peke yake, hakina kinachokishikilia. Aanzie hapo.

Kinachomfanya mtazamaji akubali kwamba nchi inaning'inia ni hewa. Hewa iliyo kati ya jicho na kitu hutawanya mwanga, na ule wa buluu hutawanyika zaidi kuliko mwekundu. Ndiyo maana Kwaraa, ulio karibu, huonekana wa kijani, lakini Hanang, pamoja na mita zake 3,420, siku ya anga safi huonekana kwa mbali kama doa la buluu iliyofifia. Si rangi tu inayobadilika. Hata tofauti kati ya sehemu zenye giza na zenye mwanga hupungua. Basi mashamba na mito iliyo chini ya Kusadikika ipaushe mpaka ukaribie kuogopa. Wengi hufanya kinyume, wanaitia ardhi kijani kikali, na nchi ya angani inaishia kuonekana kama sahani iliyosahauliwa kwenye nyasi.

Mwanga wa usoni ndio unaonivutia zaidi. Wingu hupokea jua na kulirudisha juu. Ukimsimamisha Karama kwenye baraza lililo wazi juu ya mawingu, mwanga utamfikia kutoka pande mbili: wa jua, wenye umanjano, kutoka juu, na mwingine hafifu, wa ubaridi, kutoka chini. Kivuli cha chini ya kidevu, ambacho mkono umezoea kukitia weusi, hapa hulainika na kuwa kijivu chenye ubuluu. Chini ya nyusi nako kunang'aa kidogo. Ukifanikiwa hapo, mtu atahisi kwamba Karama hana ardhi chini yake hata kama hujachora wingu hata moja.

Kwenye programu, mistari ikae kwenye tabaka lake, na rangi za msingi ziwe chini yake. Kivuli kiwekwe kati ya hayo mawili, katika ile hali ya kuzidisha, inayokoleza rangi ya chini bila kuifuta. Mwanga wa wingu nao upewe tabaka la peke yake, maana utataka kuupunguza. Kila mtu huuzidisha mara ya kwanza. Kabla ya yote hayo, chora kwa penseli vijichoro vichache vya ukubwa wa kiberiti. Kisichosomeka katika ukubwa huo hakiokolewi na rangi. Kwa kuchapa A4 safi unahitaji pikseli 2,480 kwa 3,508, na simu yenye kumbukumbu ndogo itakubania idadi ya matabaka, kwa hiyo unganisha yaliyokamilika. Mwenye kompyuta ana Krita, ambayo ni ya bure.

Kuhusu maumbo ya watu, ningepanda basi la Kondoa na kushuka Kolo, kwenye michoro ya miambani ambayo UNESCO iliiingiza katika Urithi wa Dunia mwaka 2006. Wamo watu warefu, wembamba, waliochorwa kwa rangi nyekundu. Wape wajumbe sita urefu ule, Majivuno umfanye mpana na mzito, na anayeitazama picha atajua nani anamwonea nani kabla hajasoma hata jina.

Ruhusa? Sheria ya hakimiliki ya mwaka 1999 iliweka ulinzi wa maisha ya mtunzi na miaka 50 baada ya kifo chake. Shaaban Robert alifariki mwaka 1962, kwa hiyo muda huo umepita. Jalada la nakala ya dukani ni jambo jingine: lina mchoraji wake, usilifuatishe. Na ukihamia kwenye riwaya ya mwandishi aliye hai, mwandikie kabla hujachapa fulana ya kuuza.