Urithi wa Upande wa Mama: Maradhi ya Mitokondria

Mwanafunzi wa biolojia hufundishwa mapema kwamba mtoto hupokea nusu ya kromosomu zake kutoka kwa baba na nusu kutoka kwa mama. Kanuni hiyo ni ya kweli, lakini haielezi urithi wote. Yapo maradhi ambayo mama huweza kuwarithisha watoto wake wa kike na wa kiume, ilhali baba aliye na maradhi yayo hayo hamrithishi mtoto wake yeyote. Sababu imo katika mitokondria.

Mitokondria ni sehemu ndogo sana za seli, zilizo nje ya kiini. Kazi yake kubwa ni kutumia oksijeni ili kupata nguvu iliyomo katika chakula. Kwa hiyo, zinapokuwa na hitilafu, sehemu za mwili zinazohitaji nguvu nyingi, kama vile ubongo, macho, moyo na misuli, ndizo zinazoathirika zaidi.

Mwaka 1963, Margit Nass na Sylvan Nass walionyesha kuwa mitokondria zina DNA yake mbali na ile ya kiini. Mwaka 1981 wanasayansi wa Cambridge, Uingereza, walichapisha mpangilio kamili wa DNA hiyo kwa binadamu. Ina umbo la pete, na ina jozi 16,569 za besi na jeni 37 tu. Yai la mama hubeba nakala zaidi ya 100,000 za DNA hiyo. Mbegu ya baba hubeba chache mno, na hizo nazo huharibiwa ndani ya yai baada ya mimba kutungwa.

Mfano mmoja ni upofu wa Leber, ulioelezwa mwaka 1871 na Theodor Leber, daktari wa macho wa Ujerumani. Huwapata hasa vijana wa kiume, na huharibu neva ya jicho. Mwaka 1988, Douglas Wallace na wenzake huko Marekani waligundua badiliko la besi moja tu, katika nafasi ya 11778. Basi kijana aliyepofuka hivyo hatawarithisha watoto wake, lakini dada yake, hata akiwa anaona vizuri, aweza kuwarithisha wa kwake.

Kwa nini basi ndugu wa tumbo moja huweza kutofautiana, mmoja akaugua sana na mwingine asiugue? Katika maradhi mengi ya aina hii, seli huwa na mchanganyiko wa DNA nzima na yenye kasoro. Mwalimu aweza kuonyesha jambo hili darasani. Changanya maharage meupe 80 na mekundu 20 katika mfuko, kisha kila mwanafunzi achote 10 bila kutazama na kuyarudisha. Mmoja atapata mekundu mawili, mwingine manne, mwingine hatapata hata moja. Mayai ya mama mmoja hutofautiana vivyo hivyo, na dalili hutokea pale kasoro inapozidi kiwango fulani.

Hata hivyo, tusidhani kuwa kila maradhi ya mitokondria hutoka kwa mama. Protini nyingi za mitokondria hutokana na jeni za kiini, na kasoro za jeni hizo hufuata kanuni za Mendel. Mara nyingi wazazi wote wawili huwa wamebeba kasoro bila kuugua, na kila mimba huwa na uwezekano wa 1 kwa 4 wa kuleta mtoto mgonjwa.

Mwaka 2015 Uingereza ilipitisha sheria ya kuruhusu kiini cha yai la mama kihamishiwe katika yai la mwanamke mwingine lenye mitokondria nzima. Mwaka 2025 ilitangazwa kuwa watoto wanane walikuwa wamezaliwa kwa njia hiyo.

Elimu hii ina faida nyumbani pia. Mama hachagui mitokondria anazowapa watoto wake, kama ambavyo yeye hakuchagua alizopewa na mama yake. Kwa hiyo mtoto anapougua, familia yapaswa kutafuta ushauri wa daktari, wala si kumtafuta wa kulaumiwa.