Redio ya Marehemu Baba

Ndugu wasikilizaji, leo naomba radhi: nitazungumza juu ya redio ndani ya redio.

Nyumbani kwetu ipo redio ya valvu ambayo haikununuliwa ikiwa tayari. Marehemu baba aliiunga mwenyewe mwaka 1963, alipokuwa mwanafunzi Marekani. Siku hizo kampuni ya Heath, ya mji wa Benton Harbor katika jimbo la Michigan, ilikuwa ikiuza redio zikiwa vipande vipande ndani ya boksi: valvu, waya, skrubu na kitabu cha maelezo. Mnunuzi aliketi mezani, akafuata hatua moja baada ya nyingine, na kila alipomaliza hatua akaitia alama kwenye nafasi iliyoachwa kitabuni. Kampuni ilianza kuuza vifaa vya umeme vya namna hiyo, kwa jina la Heathkit, mwaka 1947, ikitumia vipuri vilivyobaki baada ya Vita Kuu ya Pili. Mwaka 1992 ikaacha. Kitabu cha baba ninacho, na alama zake za penseli bado zinasomeka.

Sasa nikiri kosa langu. Baada ya matanga nilishikwa na hamu ya kuisikia redio ile, ambayo ilikuwa imekaa kabatini miaka zaidi ya ishirini. Nikaichomeka kwenye transfoma yake ya kushushia umeme kutoka volti 240 hadi 120, kama alivyokuwa akifanya baba. Haikupita dakika, moshi!

Fundi wa kwanza alinishauri tutoe matumbo yote, tubakize kasha tu, kisha atie mitambo ya kisasa. Alisema itaimba kuliko zamani. Huenda ni kweli, lakini mimi sikuwa na shida ya sauti. Chini ya bati lile ilikuwamo kazi ya mkono wa baba, na risasi aliyoiyeyusha yeye. Nikaibeba redio yangu, nikamtafuta mzee mmoja anayezifahamu. Haya ninayowaambia ni mafunzo yake.

Kwanza, redio iliyolala miaka mingi usiichomeke kwenye umeme moja kwa moja. Mara nyingi adui si valvu, bali ni kapasita. Zile kubwa zinazosafisha umeme zina karatasi nyembamba ya alumini na majimaji ndani yake. Zikikaa bila kazi, utando unaozuia umeme hudhoofika. Ukizipa volti zote kwa ghafla huvuja, hupata moto, na huweza kuiunguza hata transfoma ya ndani. Zile ndogo za karatasi nazo hunyonya unyevu, na sisi wa pwani unyevu tunaujua.

Pili, kapasita mbovu haina budi kutoka, lakini ganda lake si lazima litupwe. Mzee alilikata ganda kwa chini, akatoa uchafu, akaweka ndani kapasita mpya, ambayo siku hizi ni ndogo sana, kisha akaliziba. Ukitazama, huoni tofauti. Vipande vilivyotoka tulivitia katika bahasha, tukaiweka ndani ya kasha, ili atakayeifungua kesho ajue nini kilibadilishwa.

Tatu, pima kabla ya kung'oa. Rezista ambayo kipimo chake hakijapotoka sana iache mahali pake. Valvu nazo zipimwe. Nyingi huwa nzima. Wala usizisugue kwa kitambaa chenye maji, kwani maandishi yake hufutika upesi, na valvu isiyo na jina ni kama barua isiyo na anwani.

Nne, na hili ni la uhai: ndani ya redio ya valvu kuna volti zinazoua, na kapasita huweza kuzihifadhi hata baada ya plagi kuchomolewa. Asiyejua kuziondoa asiingize mkono.

Siku ya kujaribu, mzee aliunganisha globu ya kawaida, ile ya waya ndani, kwenye njia ya umeme. Kama kuna hitilafu, globu huwaka sana, na redio husalimika. Yetu iliwaka kidogo, ikafifia. Tukasubiri. Valvu zikaanza kuwa nyekundu, kisha ukaja mvumo, kisha sauti ya mtu akisoma habari kwa Kiarabu. Mama, aliyekuwa jikoni, akaja akasimama mlangoni. Hakusema neno.

Kazi ilichukua miezi minne, na gharama yake ingenunua redio mpya mbili. Lakini mtaka cha mvunguni sharti ainame. Kama kwenu ipo redio ya namna hii, kabla ya kumpa fundi ruhusa, mwulizeni kwanza: utaitengeneza, au utaibadilisha?

Hadi juma lijalo, kwa herini.