Choo na Kisima

Nyumbani kwetu kuna kisima kimoja tunachokitumia sote. Zamani nyumba zilizokizunguka zilikuwa tatu. Siku hizi ni nyingi, na kila moja ina tangi lake la choo ardhini, ambalo wengine huliita karo. Likizo iliyopita shemeji yangu alikuwa na mtoto mchanga. Mama aliyachemsha maji ya kisima kwa bidii ili mtoto achanganyiwe maziwa ya kopo, nami nikafurahi kuona usafi ule. Baadaye niliposoma habari za naitreti, furaha yangu ikapungua. Ndiyo sababu nimeona heri niwaeleze machache niliyojifunza.

Kwanza tulitazame tangi lenyewe. Uchafu mzito huzama, mafuta huelea, na maji ya katikati hutoka kwenda kwenye shimo la kunyonyea, yakapenya udongoni. Udongo ukiwa mzuri, na maji ya chini yakiwa mbali, vijidudu vingi vya maradhi hunaswa njiani. Lakini naitrojeni, ambayo nyingi hutoka katika mkojo, hainaswi hivyo. Ndani ya tangi huwa amonia; ikifika penye udongo wenye hewa, bakteria huigeuza kuwa naitreti. Naitreti huyeyuka kabisa, haina rangi wala harufu, nayo husafiri pamoja na maji hata kisimani. Tangi la kawaida, lijapokuwa limejengwa vizuri, huzuia sehemu ndogo tu.

Ubaya wake ni nini? Mwaka 1945 daktari Hunter Comly wa Iowa, Marekani, aliandika habari za watoto wachanga waliogeuka rangi ya samawati baada ya kunyweshwa maziwa yaliyochanganywa na maji ya visima vyenye naitreti nyingi. Mwilini mwa mtoto naitreti hugeuka kuwa naitriti, nayo huizuia damu isibebe oksijeni. Shirika la Afya Duniani limeweka mpaka wa miligramu 50 za naitreti kwa lita. Kuchemsha huua vijidudu, lakini hakuondoi naitreti. Maji yakipungua kwa mvuke, naitreti iliyobaki huzidi kukolea!

Sasa tufanye hesabu. Mtu mmoja hutoa kiasi cha kilo 4 za naitrojeni kwa mwaka. Tuseme watu 10 wanakaa katika hekta moja, na mvua inayopenya hata kwenye maji ya chini ni milimita 200 kwa mwaka, yaani lita 2,000,000. Kilo 40 za naitrojeni zikigeuka zote, hupatikana kilo 177 za naitreti, kwa kuwa naitreti ina oksijeni pia. Tukigawanya, tunapata miligramu 88 kwa lita. Hata nusu ikipotea njiani, zitabaki 44, karibu sana na mpaka. Na watu 10 huenda ni nyumba mbili tu.

Lakini hesabu ni makisio, lazima kupima. Huchukuliwa maji ya kisima kilicho upande yanakotoka maji ya chini, kabla ya kufika penye nyumba, na ya kisima kilicho upande yanakoelekea. Hurudiwa masika na kiangazi. Hupimwa na kloraidi, kwa maana chumvi tunayokula hutoka katika mkojo. Zikipanda zote mbili pamoja, tunashuku vyoo. Naitreti ikipanda peke yake, huenda ni mbolea ya mashambani. Karibu na bahari kipimo hiki cha chumvi hudanganya.

Mfano mkubwa ni wilaya ya Suffolk katika kisiwa cha Long Island, Marekani. Ardhi yake ni mchanga na changarawe, na watu hunywa maji ya chini ya miguu yao. Nyumba zaidi ya 350,000 hazina mabomba ya kupeleka maji machafu mbali, bali zina matangi na mashimo. Shimo moja halikuleta taabu. Wingi wake ndio ulioleta. Kwa hiyo sheria zao huweka ukubwa wa kiwanja, na tangu mwaka 2021 nyumba mpya hutakiwa kuwa na mitambo ya kupunguza naitrojeni.

Basi tusiulize tu, "Tangi hili limejengwa vizuri?" Tuulize pia, "Yako mangapi juu ya maji yetu?" Ninyi wanafunzi wa zamani mnaofanya kazi za maji na afya, tusaidieni kupima visima vya vijijini kabla nyumba hazijaongezeka. Mimi nimekwisha kumwandikia baba: maji yetu yapimwe, na hata majibu yatakapokuja, maziwa ya mtoto yasichanganywe na maji ya kisima kile.

Mwanafunzi wa Kidato cha Sita